Picha sitini ndani ya wimbo mmoja

Ijumaa jioni ndiyo zamu ya video za picha. Mwenye steshenari mtaani atanielewa. Mchana kutwa ni fotokopi, pasipoti saizi na fomu za ajira. Ikigonga saa kumi anaingia mtu na flashi mkononi, au na simu iliyojaa picha hadi inalalamika kwamba nafasi imekwisha. Kesho ana sendofu, au kipaimara, au mahafali, au misa ya kumbukumbu, na anataka picha zake ziwe video ya kurushwa ukumbini watu wakiwa wanakula. Siku hizi wengi huwa wameshajaribu wenyewe usiku uliopita kwenye tovuti za bure, kwa hiyo hawaji mikono mitupu. Wanakuja na walichokipata: vichwa vimekatwa, babu amelala kiubavu, na nembo ya tovuti imekaa juu ya shela ya bibi harusi.

Tovuti zenyewe sina ugomvi nazo. Mafundi wenzangu huzibeza ili mteja aendelee kuja dukani, lakini zinafanya kazi. Canva, CapCut, Kapwing, Clideo na nyingine kibao: unapakia picha, unazipanga, unaweka muziki, unapakua faili la video, la aina ya MP4. Zile ndogondogo, za kugeuza faili tu, nyingi zimejengwa juu ya FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Yenyewe haina vitufe wala madirisha. Unaiandikia amri nayo inatii. Tovuti inakuwekea vitufe juu yake, basi.

Kinachoziharibu video hizi kiko kwingine. Mtu ukimpa albamu, yeye ndiye anayefungua kurasa. Picha hii ataikodolea macho dakika nzima, ile ataipita bila hata kuitazama, na akitaka anarudi nyuma. Ukiigeuza albamu kuwa video, uhuru huo umemnyang'anya. Sasa wewe ndiye unayeamua shangazi yake aonekane kwa muda gani, na ukiamua vibaya hana la kufanya, amekaa meza ya nyuma ana sahani mapajani. Tovuti inakuuliza jambo hilo mara moja tu, kwenye kisanduku kidogo pembeni: sekunde ngapi kwa kila picha? Karibu wote huiacha namba waliyoikuta.

Chukua wimbo wa dakika nne. Hizo ni sekunde 240. Picha 60 zikigawana sawasawa, kila moja inapata sekunde nne, na hiyo ndiyo hesabu ninayoanza nayo dukani. Tatizo ni yule anayekuja na picha 200 na hataki hata moja iachwe, maana kila moja ina mtu atakayenuna asipojiona. Kwa wimbo uleule kila picha inabaki na sekunde moja na ushee. Ukumbini wataona rangi zinapita. Basi anaongeza nyimbo zifike tatu, video inakuwa ya dakika kumi na mbili, na kabla haijafika nusu watu wamesharudi kwenye pilau na MC anamtazama DJ. Kupunguza picha ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na hakuna tovuti itakayokufanyia, kwa sababu haijui nani hakuzungumza na nani tangu harusi ya mwaka juzi.

Hata hizo sekunde nne za kugawana sawasawa hazitoshi kila mahali. Picha ya mtu mmoja anayetazama kamera inasomeka upesi, sekunde tatu zinatosha. Picha ya pamoja haisomeki upesi hata kidogo. Kila aliyemo anajitafuta kwanza, kisha anawatafuta wenzake, ndipo anamwona mwenye shughuli. Picha ya darasa yenye safu nne za wanafunzi ukiipa muda sawa na selfi umeudhi meza nzima ya waliosoma naye; ipe sekunde nane, hata kumi. Picha za studio za zamani nazo nazipa nafasi. Aliyekwenda kupiga picha Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, ile aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, hakupita tu njiani. Alivaa, alichana nywele, aliketi akaambiwa ageuze kidevu. Haifai picha ya namna hiyo ipite kwa kasi ya picha iliyopigwa kwenye daladala.

Somo hili nilifundishwa vizuri na mama mmoja aliyekuja na bahasha ya picha za marehemu mumewe, kwa ajili ya misa ya kutimiza mwaka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hizi hapa. Usizichanganye, nimezipanga.”

Nikaskani, nikazipanga vilevile, nikampa kiti tutazame pamoja. Kwenye picha moja ya wafanyakazi waliosimama mbele ya lori akanyoosha kidole hadi kikagusa kioo. “Rudisha hapo. Huyu wa pembeni ni shemeji yangu, naye tulimzika zamani, picha yake nyingine hatuna. Watu hawatamtegemea. Iache hapo mpaka waseme ‘kumbe’.” Nikamuuliza sekunde ngapi, mama. Akanitazama kama niliyeuliza chumvi ni kilo ngapi. Tukairudia mara kadhaa, yeye akisema kwa sauti ndogo yale ambayo ukumbi ungesema, mimi nikitazama saa ya kompyuta. Zikatoka sekunde kumi na moja. Tangu hapo wateja wenye subira nawakalisha kwenye kiti hichohicho na kuwaomba waseme wanachokiona, kwa sauti, na muda wa picha ni muda wa maneno yao.

Tovuti nyingi zinakuruhusu kuvuta kila picha peke yake kwenye ule mstari wa chini, irefuke au ifupike. Ukikutana na ile yenye kisanduku kimoja tu kwa picha zote, pakia picha ile mara mbili au tatu mfululizo. Zikiwa zinayeyukiana, mtazamaji hataona kiungo, kwani picha inayeyuka ndani ya nafsi yake. Usichague tu ule mpito wa kupitia kwenye giza; hapo picha itakonyeza.

Kwa ndani kuna nini? Video yoyote ni picha mnato zinazofuatana. Ndugu wawili Lumière walipoonyesha filamu zao mjini Paris Desemba 1895, zilikwenda takriban picha 16 kwa sekunde. Sinema baadaye ikatulia kwenye 24, na televisheni za nchi zenye umeme wa hezi 50, sisi tukiwemo, zikachukua 25. Zanzibar ilikuwa nayo televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara tukasubiri hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo shangazi akikaa kwenye skrini sekunde nne kwa kasi hiyo, ndani ya video amehesabiwa mara 100. Ungetegemea picha ya MB 4 izae video ya MB 400. Haizai. H.264, mfumo wa kubana video uliopitishwa mwaka 2003 na unaosomwa na karibu kila simu na televisheni iliyopo, huandika fremu ya kwanza, yaani picha moja kati ya hizo 100, kwa ukamilifu, kisha zinazofuata unaandika kilichobadilika tu. Pasipobadilika kitu, unafanya kama mweka hazina wa kikoba anayeandika kiasi kwenye mstari wa kwanza, halafu anashuka na vistari viwili viwili hadi chini ya ukurasa. Ndiyo maana video ya picha zilizotulia inaweza kuwa nyepesi kuliko picha zenyewe zilizoizaa, jambo ambalo wateja hulishuku, hudhani nimewapunja.

Faili linaanza kunenepa pale unapowasha ule mtindo wa picha kusogea na kukua polepole, kwa sababu hapo kila fremu ni tofauti na iliyotangulia. Mtindo huo unaitwa kwa jina la Mmarekani Ken Burns. Mwaka 1990 alirusha kwenye televisheni ya PBS ya Marekani mfululizo mrefu kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, vita vya miaka ya 1860, vyenye picha mnato tele na bila filamu hata moja kwa kuwa filamu hazikuwapo. Mwenyewe hutaja kwamba njia hiyo aliiona kwenye filamu fupi ya Canada ya 1957 kuhusu Dawson, mji wa wachimba dhahabu. Mwaka 2003 Apple waliuweka mtindo huo ndani ya iMovie, programu yao ya kuhariri video, kwa jina lake, na kutoka hapo ukasambaa kila mahali. Tofauti ni kwamba Burns alikuwa anakwenda mahali: anaanza na kundi la askari, anaishia kwenye macho ya mmoja wao. Tovuti haina pa kwenda. Itaanzia usoni imalizie kwenye kiatu, au imsogelee kwa heshima zote mtu aliyepita nyuma amebeba kreti ya soda. Mimi huuzima kwa picha zote, kisha nauwasha kwa mkono kwenye chache ambazo kuna kitu cha kukiendea.

Ubanaji huo una tabia nyingine utakayoiona kwenye maandishi. Video za kawaida huhifadhi mwanga wa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, lakini rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, kwani jicho la mtu halijali sana upungufu wa rangi. Kwenye nyuso hutajua kabisa. Sasa andika majina ya maharusi kwa herufi nyembamba nyekundu juu ya bluu, halafu sogelea skrini: kingo zimevimba, zina ukungu, nyekundu imelowa kwenye bluu. Mteja atakwambia umetumia picha mbovu. Tumia nyeupe yenye kivuli cheusi na mambo yanakwisha. Kwa sababu hiyohiyo ya kugawa rangi nusu kwa nusu, upana na kimo cha video vinatakiwa vigawanyike kwa mbili. Tovuti ikikataa picha ya pikseli 1081 kwa 721 bila kukupa sababu, ikate pikseli moja kwenye upana na moja kwenye kimo ujaribu tena.

Kabla ya kupakia kuna kazi ya mikono, nayo ndiyo inayotofautisha video mbili zilizotoka tovuti moja.

Umbo kwanza. Picha ya simu kwa kawaida ni nne kwa tatu, ya kusafishwa ya zamani ni inchi sita kwa nne, na skrini ya ukumbini ni 16 kwa 9. Hazilingani. Ama picha iingie nzima, na pembeni pabaki weusi, ama ijaze skrini, na juu na chini pakatwe. Kwenye picha za watu vichwa viko juu, kwa hiyo ndivyo vinavyokwenda. Tovuti nyingi huchagua kujaza bila kukuuliza. Tafuta kitufe cha kuingiza picha nzima, na kama weusi unakukera, zipo zinazojaza nafasi ile kwa picha hiyohiyo iliyokuzwa na kutiwa ukungu. Picha za wima ndizo zinazofaidika zaidi na ujanja huo. Kama video ni ya kuweka kwenye stetasi tu, geuza yote iwe 9 kwa 16, wima, na uisahau skrini ya ukumbini. Video moja haiwezi kutumikia mahali pote pawili.

Yule babu aliyelala kiubavu hakupigwa akiwa amelala. Simu ukiishika wima, mara nyingi huihifadhi picha ikiwa imelala na kuambatisha maelezo madogo yasemayo “nizungushe unaponionyesha”. Simu inayasoma, baadhi ya tovuti hazisomi. Fungua picha kwenye kihariri cha simu, ikate kidogo tu pembeni, ihifadhi upya. Mara nyingi inatoka ikiwa imesimama kweli. Wenye iPhone wana la ziada: tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu zao nyingi huhifadhi picha kwa aina ya faili iitwayo HEIC badala ya JPEG iliyozoeleka, na tovuti nyingine zinaikataa. Kwenye mipangilio ya kamera kuna chaguo la kurudi kwenye JPEG.

Mpangilio nao una mtego wake. Tovuti nyingi hupanga picha kwa jina la faili, herufi kwa herufi, ndipo picha ya 10 inaikalia picha ya 2 kichwani. Zipe majina 001, 002, 003. Na usidanganywe na majina ya WhatsApp: ile tarehe iliyomo kwenye IMG-2023 na kuendelea ni siku ulipopokea picha, si siku iliyopigwa. Ukipanga kwa majina hayo, bwana harusi atazaliwa baada ya kuhitimu chuo.

Nikiwa bado kwa WhatsApp, waambie ndugu wakutumie picha kama dokumenti. Ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa hadi takriban pikseli 1600 upande mrefu, na ikishapita mikono mitatu ya makundi ya familia inabaki kama imepigwa kupitia chandarua. Lakini hapo usiende upande wa pili pia. Picha ya pikseli milioni 12 haina faida kwenye video ya 1920 kwa 1080, ambayo haifiki hata pikseli milioni mbili na laki moja. Karibu sehemu tano kati ya sita ya ulichopakia inatupwa. Picha 60 za MB 4 ni MB 240 za bando lako, ukiomba Mungu mtandao usikatike kwenye picha ya 58. Zipunguze kwanza kwenye simu au kompyuta hadi upande mrefu uwe pikseli 1920, na mzigo wote unashuka mpaka makumi machache ya MB. Acha kubwa zile tu unazotaka kuzisogelea.

Kisha kuna suala ambalo mteja haniulizi na mimi humweleza hivyo hivyo. Unapopakia picha 60 za ukoo kwenye tovuti usiyoijua, umezituma kwenye kompyuta ya mtu, mara nyingi nje ya nchi: watoto, wagonjwa, marehemu, pengine na picha ya cheti. Ikiwa taarifa za mahali ilipopigwa hazijafutwa, hata hapo panajulikana, kwa sababu simu huandika latitudo na longitudo ndani ya picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake. Kenya wana yao ya 2019. Ni vizuri kuwa nazo, ila sheria hizo hazitakimbia usiku huu kwenda kufuta faili kwenye seva ya mbali. Soma wanakaa nazo muda gani, ukikuta hawasemi, toka.

Kuna aina ya tovuti ninayoipenda kwa sababu hiyo: zile zinazofanya kazi yote ndani ya kivinjari chako, picha zisitoke kwenye kompyuta. Teknolojia yake ni WebAssembly, iliyoidhinishwa rasmi kuwa kiwango cha wavuti mwisho wa 2019, na FFmpeg yenyewe ina toleo linalokwenda kwa njia hiyo. Kuijaribu ni rahisi kuliko kusoma masharti yao. Fungua ukurasa, subiri ufunguke wote, zima data, kisha weka picha mbili za maua uigize kugeuza. Ikikutolea video huku umezima data, picha hazikwenda popote. Ni za polepole kwenye simu dhaifu, na picha zikiwa nyingi kivinjari kinaweza kuzima ghafla. Kwa picha 20 hadi 30 zilizopunguzwa zinatosha. Na popote ulipo, ukiona vitufe vitatu vya kijani vyote vimeandikwa “Pakua”, viwili ni matangazo. Ulichoomba ni MP4. Ukiletewa faili la APK au EXE, yaani la kusakinisha programu, lifute.

Muziki nitaupita haraka. Ukiweka wimbo wa msanii kisha ukapandisha video YouTube, mfumo wao unaoitwa Content ID unaweza kuutambua na kuizuia au kumpa mwenye wimbo mapato. Ukumbini hilo halikuhusu, ila mwenye wimbo bado ana haki zake. Kwaya ya parokia wakikuruhusu kutumia wimbo wao, umemaliza mjadala, na kwa misa ya kumbukumbu unafaa kuliko bongo fleva iliyopunguzwa sauti.

Ukishapakua, itazame yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye skrini kubwa yoyote iliyo karibu. Nimeona video iliyokuwa safi kwenye simu ikifika ukumbini haina sauti kwa sababu televisheni haikupenda aina ya sauti iliyomo. MP4 ya H.264 yenye sauti ya AAC ndiyo salama zaidi. Mpe DJ flashi mapema, siyo wakati keki inakatwa, na uwe na nakala nyingine kwenye simu.

Na mwishoni rudia picha ya mwisho hadi ikae sekunde ishirini, au weka ukurasa mweusi mtupu wa urefu huo. Video inapoisha ghafla, kompyuta ya DJ huruka yenyewe kwenda faili linalofuata, na yeye wakati huo kwa kawaida yuko nje anaongea na simu.